Alama ipi iliyomkosesha mume wangu kadi?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na ninaandika kwa niaba ya mume wangu, ambaye anafanya kazi ya ghalani katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Ameomba kadi ya mkopo katika benki mbili za huko na zote zimemkatalia, ilhali programu iliyomo katika simu yake inamwonesha alama ya mkopo, yaani namba inayokadiria uaminifu wa mtu katika kulipa madeni, ambayo kila anayeiona huisifu. Kwa kuwa hutoka kazini usiku akiwa hoi, hunitumia picha za barua za benki ili nizisome kwa utulivu na tuzijadili mwisho wa wiki. Nimezisoma na nimezifahamu kwa kiasi kikubwa, lakini sasa tunatakiwa tuamue la kufanya, na hapo ndipo ninapohitaji rai ya mtu aliyezoea mambo haya.

Hivi sasa anayo kadi moja tu, nayo ni ya dhamana. Aliweka dola 300 katika chama kidogo cha akiba na mikopo cha huko, naye akapewa kadi ambayo kikomo chake ni hizo hizo dola 300. Anatafuta kadi ya kawaida kwa sababu anataka kupanga nyumba kabla sijamfuata, na wenye nyumba wengi huko hutazama kwanza ripoti ya mikopo ya mtu ndipo wakubali kumpangisha. Alipokuwa huku aliwahi kukopa benki na akalipa mkopo wote kwa wakati, lakini sifa hiyo imebaki huku. Taarifa za mikopo ya Tanzania huingia katika kanzidata ya Benki Kuu na katika kampuni zilizopewa leseni, kama vile Creditinfo; hazivuki bahari kwenda katika mafaili ya Marekani. Kule alianza kama mtu asiyejulikana.

Tatizo letu ni namba tatu. Simu inaonesha 718. Barua ya benki ya kwanza inasema alama iliyotumika ni 652, na barua ya benki ya pili inasema 671. Mwanzoni nilidhani pana kosa katika mojawapo, na mkwe wangu, yaani baba yake mume wangu, alidhani pana jambo kubwa zaidi ya kosa. Kumbe zote tatu ni sahihi, ila hazikutoka katika kipimo kimoja.

Alama ya simu inaitwa VantageScore 3.0, na kipimo hicho ni cha kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 na mashirika yale yale matatu yanayohifadhi kumbukumbu za wakopaji wa Marekani, ambayo ni Equifax, Experian na TransUnion. Benki ya kwanza ilitumia FICO 8, yaani alama ya kampuni nyengine iitwayo FICO, iliyohesabiwa kutokana na faili la Experian, nayo huanzia 300 na kuishia 850. Benki ya pili ilitumia FICO Bankcard Score 8 kutoka TransUnion, kipimo kilichotengenezwa mahsusi kwa watoaji wa kadi, nacho huanzia 250 na kuishia 900. Hapo ualimu wangu ulinisaidia, kwani mwanafunzi aliyepata 40 katika mtihani wa alama 50 hawezi kusema amezidiwa na aliyepata 60 katika mtihani wa alama 100. Nikazipima 652 na 671, kila moja katika ngazi yake, na nikaona kuwa zinakaribia kulingana kabisa, ingawa hesabu hiyo ni ya kukadiria tu kwa sababu ngazi zenyewe hazikugawanywa sawasawa. Kwa hiyo benki ya pili haikumwona kuwa bora kuliko ilivyomwona benki ya kwanza.

Nimefahamu pia kwa nini VantageScore ilimtangulizia matumaini. Kipimo hicho kinaweza kumpa mtu alama mara tu akaunti yake inapoanza kuripotiwa, wakati FICO haitoi alama yoyote mpaka mtu awe na akaunti iliyofikisha angalau miezi sita. Miezi yote ile ya mwanzo aliyokuwa akifurahia kuiona namba inapanda, benki inayotumia FICO isingeona namba yoyote. Nasema hivi bila kuilaumu programu hiyo, kwani imeandika jina la kipimo chake chini ya skrini, kwa herufi ndogo. Lakini ingefaa sana iandike pia kwamba benki hailazimiki kukitumia.

Jambo lililozua maneno nyumbani ni sababu iliyoandikwa katika barua ya kwanza, kwamba kiasi anachodaiwa ni kikubwa mno kulinganisha na kikomo cha kadi. Mkwe wangu alipolisikia hilo alinyamaza, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mumeo anadaiwa na nani?” Ni mzee mwenye hadhari kubwa na riba, na hata ile kadi ya kwanza aliikubali shingo upande, baada ya kuhakikishiwa kuwa anayelipa bili yote kabla ya siku ya mwisho hatozwi riba kwa manunuzi yake. Mume wangu hulipa yote kila mwezi, hata senti haibaki. Basi deni limetoka wapi?

Nilipozipanga tarehe nikaliona. Kadi huwa na siku ya kufungwa hesabu ya mwezi na siku ya mwisho ya kulipa, ambayo hufuata wiki kadhaa baadaye. Kiasi kinachopelekwa kwa mashirika ya taarifa kwa kawaida ni kile kilichokuwapo siku hesabu ilipofungwa. Mume wangu hununulia kadi hiyo chakula na mafuta ya gari, na hesabu ikifungwa huwa ametumia kama dola 260. Yeye huzilipa zote kabla ya siku ya mwisho, lakini faili limeshaandikwa kuwa ametumia zaidi ya asilimia 86 ya kikomo chake. Katika alama ya FICO historia ya malipo huchukua asilimia 35 na kiasi kinachodaiwa asilimia 30; umri wa akaunti huchukua 15, na mikopo mipya na mchanganyiko wa aina za mikopo huchukua 10 kila kimoja. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mlipaji asiye na doa na bado akapoteza alama nyingi kwa sababu ya tarehe. Nimemweleza mkwe wangu, na nadhani amenielewa, japo alisema mfumo unaomhesabia mtu deni ambalo hakulichelewesha una kasoro. Sikumbishia.

Dawa ya hilo naiona ni nyepesi: alipe kabla hesabu haijafungwa, ili kiasi kinachoripotiwa kiwe kidogo. Nimesoma kuwa FICO 8 hutazama kiasi cha sasa na haikumbuki kilichoripotiwa miezi iliyopita, kwa hiyo alama inaweza kuinuka haraka. Vipimo vipya zaidi, kama FICO 10 T na VantageScore 4.0, hutazama mwenendo wa miezi mingi nyuma, na benki itakayovitumia itaziona zile asilimia 86 pia.

Barua ya pili ndiyo inayonitatiza zaidi, kwa sababu imechanganya sababu za aina mbili. Baadhi zinahusu alama: akaunti yake ni changa na akaunti alizonazo ni chache. Nyengine haihusu alama hata kidogo, nayo ni kuwa mapato hayatoshi kwa kadi aliyoiomba. Katika fomu aliandika mshahara wake wa msingi peke yake, kwa kuwa malipo ya saa za ziada hubadilika. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 inazitaka benki za huko zipime uwezo wa mwombaji kulipa, kwa hiyo hata alama ikipanda mpaka juu, sababu hiyo itabaki palepale.

Kwa upande wa haki zake, tumeshafanya tulichokijua. Benki iliyotumia alama kumkatalia mtu hulazimika kumtajia alama hiyo, ngazi yake, tarehe yake, mambo makuu yaliyoishusha na shirika lililoitoa, na mwombaji ana siku 60 za kuomba ripoti yake bure kutoka shirika hilo. Ameziomba. Isitoshe, kupitia AnnualCreditReport.com mtu hupata ripoti za mashirika yote matatu bila malipo kila wiki, ingawa hazina alama ndani yake. Humo hatukukuta deni la mtu mwengine wala malipo yaliyoandikwa kuwa yamechelewa. Tulichokikuta ni kwamba kadi yake imo Experian na TransUnion, lakini Equifax haimo kabisa. Alipouliza, aliambiwa kuwa chama kile hakipeleki taarifa huko, na sheria haikilazimishi kupeleka. Kwa hivyo benki itakayochota faili la Equifax haitampa 652 wala 671. Itamwona kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana.

Sasa naja kwenye maswali yangu, Ndugu Mshauri.

Mume wangu anataka kujiunga na huduma ya myFICO, ambayo kwa ada ya kila mwezi humwonesha mtu aina nyingi za alama zake, zikiwemo za kadi, za magari na za mikopo ya nyumba. Mimi naona fedha hiyo itamwonesha tu kile ambacho barua mbili zimeshamwonesha bure, na kwamba alama ya FICO 8 anaweza kuipata Experian bila kulipa. Yeye anasema hawezi kulenga asichokiona. Je, kwa mtu mwenye kadi moja changa, ipo faida ya kweli katika kuzijua alama zote hizo, au inatosha kufuatilia FICO moja na kutunza yale mambo ambayo vipimo vyote vinayatazama?

Pili, binamu yake aliyeko Minneapolis anamhimiza aombe haraka katika benki ya tatu, anayosema ni rahisi kwa wageni. Kila ombi jipya huacha kumbukumbu katika ripoti kwa miaka miwili, na FICO huihesabu kwa miezi 12. Kwa hiyo mimi namzuia, angalau mpaka kiasi kinachoripotiwa kishuke na tujue benki hiyo huchota faili la shirika gani. Je, ni jambo la kawaida kuipigia benki simu na kuiuliza hivyo kabla ya kuomba, na je, jawabu lao ni la kutegemewa?

Tatu, afadhali airudie ile benki ya pili na kuiomba itazame upya uamuzi wake, akiwa na hati za mshahara zinazoonesha na malipo ya saa za ziada, au aiache kabisa? Kama airudie, aulize kwanza iwapo ripoti yake itachotwa mara nyengine?

La mwisho ni zito kidogo. Binamu huyo amejitolea kumwandikisha mume wangu katika kadi yake mwenyewe, ya miaka mingi, ili historia ya kadi hiyo ionekane katika faili la mume wangu, na huenda hata Equifax ikapata cha kuonesha. Kisheria mume wangu hatadaiwa chochote. Lakini binamu akichelewesha malipo au akijaza kadi, doa hilo linaweza kumfikia aliyeandikishwa, na mkwe wangu hapendi kabisa mwanawe aingizwe katika kadi ambayo huenda inabeba riba ya mtu mwengine. Kukataa msaada wa ndugu nako kuna lawama zake. Ningependa uniambie ni mambo gani tumuulize binamu kuhusu kadi hiyo kabla ya kumjibu, na iwapo faida yake kwa mtu anayetafuta nyumba ya kupanga inalingana na usumbufu wake katika ukoo.

Nitaisoma jawabu yako pamoja na mkwe wangu, kwa hiyo nakuomba uiandike bila kuficha kitu.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa hisabati,
Wete, Pemba