Goti la dada na karatasi zilizobaki Chennai

Mhariri,

Nilimsindikiza dada yangu Chennai, India, kubadilishwa goti. Upasuaji, alhamdulillahi, ulikwenda salama. Kilichotuchoma ni yale ambayo dalali wetu wa Ngamiani, aliyetupangia safari ya matibabu, hakuyataja: kodi ya chumba, mkalimani, na siku za kungoja ruhusa ya kupanda ndege, maana damu huweza kuganda mguuni ukikaa kitako saa nyingi. Michungwa yetu ya Muheza ikauzwa, shamba zima.

Tuliporudi Tanga daktari akauliza, "Amewekewa goti la aina gani?" Tukatazamana. Anayekwenda asitoke kule bila ripoti ya upasuaji, picha za eksirei na kadi ya kiungo alichowekewa. Na kumbe MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, magoti hubadilishwa! Hatukuuliza.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga