Barua ya wazi kwa mkuu wa misitu: trekta ya mathenge iko wapi?

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Marigat, Baringo. Najua una kazi nyingi, lakini jana nimemchinja mbuzi wangu wa nne mwaka huu, kabla njaa haijamwahi, huku kijani kibichi kimemzunguka pande zote. Nilipomfungua kinywa, meno ya mbele yalikuwa yameisha na ganda la mathenge, ule mti wa miiba, limenasa kwenye ufizi.

Mti huu hatukuuomba. Kwao ni Amerika ya Kati na Kusini. Huku uliletwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mradi wa kuni wa serikali uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Tuliambiwa utazuia vumbi, utatupa kuni na chakula cha mifugo, basi nikabeba miche ya mifuko ya nailoni na kuimwagilia kwa mkebe, asubuhi na jioni. Kumbe haukuhitaji maji yangu. Nadhani aliyeuchagua alitaka tu mti usiokufa, ripoti yake ipendeze. Na kweli haukufa.

Ukiukata, kisiki kinachipua upya, tena vijiti tele. Mbuzi akila yale maganda matamu, mbegu hupita tumboni salama na kuota kwenye samadi. Kwa hiyo kila tunapohamisha mifugo tunawapandia ninyi msitu, bila mshahara.

Mwaka 2006 wenzetu waliishtaki serikali kwa kuuleta mti huu, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mwaka 2008 serikali ikautangaza mathenge kuwa gugu hatari. Tulishangilia, mpaka tukaelezwa kwamba kisheria gugu la namna hiyo huondolewa na mwenye shamba. Aliyeleta ni serikali, wa kung'oa ni mimi na panga langu.

Ulipokuja kwenye baraza uliahidi trekta. "Kabla ya mvua," ulisema. Mvua za mwaka gani hukusema, na kosa ni letu, hatukuuliza. Siku hiyo mwiba wa mathenge ulitoboa gurudumu la gari lako, vijana wetu wakalibadilisha. Labda hilo unalikumbuka.

Sidai fidia, ingawa nisingeikataa. Sidai mbuzi wangu. Wala usitutumie wapimaji, wamekuja wengi, na buti nzuri wanazo. Nataka trekta, Mheshimiwa, na watu wa kung'oa visiki.

Trekta. Kabla ya mvua hizi.

Wako mtiifu,
Mfugaji, Marigat