Yah: Kadi ya grafiki ya bandia mliyoniuzia, na maneno niliyoambiwa kaunta

Kwa Meneja,
Tawi la Kariakoo.

Ndugu Meneja,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia barua hii, ingawa heshima yenyewe naitoa mfukoni mwangu, maana dukani kwenu niliiacha na hata chenji yake sikurudishiwa.

Sera yenu ya kubadilisha bidhaa ndani ya siku saba imebandikwa juu ya kichwa cha keshia kwa herufi nyekundu, kwa hiyo sitawasomea. Nilinunua Jumamosi, nikarudi Jumanne. Hesabu hiyo haihitaji kompyuta.

Jumanne hiyo niliingia kama saa nne asubuhi, CPU nimeipakata kwenye bajaji kutoka Tabata. Nikasalimia. Kijana wa kaunta, yule yule aliyenipokea Jumamosi kwa "mama karibu, mama kaa", hakuitikia. Nikamweleza kwamba kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini, aliyoniuzia kama GTX 1050 Ti ya GB 4 ikiwekewa draiva (programu ya kuiendesha) ya Nvidia, watengenezaji wake, skrini inakuwa nyeusi, na Windows ikirudi inaandika Code 43, yaani kifaa kina hitilafu. Akaichomoa, akaipachika kwenye mashine yenu ya majaribio, akatazama, kisha akairudisha kaunta kama mtu anayerudisha nyanya iliyooza. Akaiangalia mashine yangu, akaniangalia na mimi, akasema kwa sauti ya kumfikia aliyesimama mlangoni: "Mashine bibi, mwenye mashine bibi, kadi ya watu ifanyeje kazi?"

Duka zima likacheka.

Ni kweli nimevuka hamsini. Na mashine ni kweli ni ya siku nyingi: Dell OptiPlex 7010, ile ya kusimama, Core i5 ya kizazi cha tatu, toleo la 2012, mtumba. Lakini RAM yake ni GB 16, diski ni SSD, na kazi yangu ni kukata video: imenirendea, yaani imenitolea video kamili za, harusi, sendoff na kitchen party ambazo yule kijana alikuwa bado anavaa kaptura ya shule. Ilichokosa ni kadi tu, baada ya GTX 750 Ti yangu kufa usiku mmoja umeme uliporudi kwa kishindo. Mashine nzima siwezi kubadilisha kila kitu kimoja kikifa. Nani anavunja nyumba kwa sababu ya bawaba?

Wala sikuja kwenu kubahatisha. Pawasaplai ya mashine ile ni ya wati 275 na haina waya wa pini sita wa kulisha kadi. Maana yake kadi inayofaa ni ile inayoridhika na umeme wa sloti, yaani pale inapochomekwa kwenye bodi, peke yake, wati 75, basi. GTX 1050 Ti nyingi zinaishi humo humo. Ndiyo maana Jumamosi niliitaja kwa jina, nikaandika na kwenye karatasi, nikampa kijana wenu. Akaleta boksi limeandikwa hivyo hivyo. Ndani kadi ilikuwa na tundu la pini sita. Nikauliza. Akasema, "Hiyo ni toleo la nguvu zaidi, mama," akaniuzia na waya wa kuunga kutoka kwenye umeme wa diski, shilingi 10,000 juu ya zile 280,000. Kadi ilikuwa na tundu la VGA pia. Hapo nakiri nilikosea mimi: chipu za ukoo wa 1050 Ti hazitoi VGA kabisa, nami jambo hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa na haraka, nina sendoff ya watu haijakatwa, macho yakaona tundu la monita yangu ya zamani yakafurahi.

Jumatatu usiku kijana ninayemfundisha kazi aliweka GPU-Z, programu ya bure ya kutambua kadi, ambayo hata nyinyi mnayo. Kwenye mstari wa jina kukaandikwa FAKE, na chini yake kore, yaani vitengo vya kukokotoa, 192. GTX 1050 Ti ina kore 768. Kilichomo ni chipu ya GTS 450, kadi ya mwaka 2010, BIOS yake, programu ya ndani inayoitambulisha, imeandikwa upya ili iitikie jina la kadi ya 2016. Kadi hiyo inakula mpaka wati 106, ndiyo maana ikahitaji waya. Na ukoo wake Nvidia waliacha kuutolea draiva mpya tangu 2018, ndiyo maana ya giza. Mmenipa kadi ya miaka mingi kuliko ile iliyonifia, halafu mkanifundisha kuilisha kwa waya wa diski. Mashine ikirenda dakika kumi inazima. Ingeungua na chumba je?

Jumatano nilipiga simu, msimamizi wenu akasema nisubiri mzigo mpya. Alhamisi akasema yuko kwenye kikao. Tangu hapo ujumbe wangu unasomwa na haujibiwi.

Lakini nirudi kaunta, kwa sababu kuna jambo nililipita, na kila nikilala linanirudia.

Mashine yenu ya majaribio monita yake huwa inatazama wateja. Mnaijua, mmeiweka hivyo mtu aone bidhaa yake inawaka. Jumanne, kijana alipopachika ile kadi, alifungua GPU-Z ile ile. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa kushoto, na mwanafunzi wangu nyuma yangu. Tuliliona neno lile wote wawili. FAKE. Na yeye aliliona, kwa sababu mkono wake uliondoka kwenye kipanya ukaenda moja kwa moja kwenye monita, akaigeuza ikatazama ukuta. Kulikuwa na wateja kama sita. Mmoja alikuwa na boksi kama langu mkononi, anataka kulipa. Hapo ndipo akapaza sauti: "Mashine bibi, mwenye mashine bibi." Hakuwa anatania. Aliniita bibi ili watu wanitazame mimi, wasiitazame monita. Na walinitazama. Yule mwenye boksi alicheka kuliko wote, akalipa, akaondoka nalo. Kama mna namba yake, mpigieni.

Nami sikujibu kitu. Mtu wa umri wangu, nina wateja wanaonisubiri nje wakitaka tarehe, nilisimama nikarekebisha mtandio kama niliyefanya kosa.

Baada ya hapo akasema waranti imekufa kwa sababu stika imechanika. Stika ile aliichana yeye kwa ukucha Jumamosi, mbele yangu, alipokuwa anafuta vumbi kwenye feni. (Kadi mpya ina vumbi la wapi?) Kisha akanipa kile alichokiita msaada: niongeze shilingi 150,000 nichukue RX 6400. Nikamuuliza kama anajua kwamba RX 6400 haina enkoda ya video, sehemu ya kubana video unapoitoa. Akanikodolea macho. Kadi ile kwa mtu wa kucheza gemu ndogo haina ubaya, na umeme wake unaitosha mashine yangu. Kwa mtu anayekata video ni kinu bila mchi. Muuzaji wa kadi asiyejua hilo auze chaja.

Ninachotaka ni hiki. Rudisheni shilingi 290,000, kadi na waya wake. Sitaki kubadilishiwa, sitaki "mzigo unakuja". Mrudishe na shilingi 60,000 niliyokodi kompyuta ya jirani siku mbili ili sendoff ya watu isichelewe, na nauli ya bajaji kwenda na kurudi.

Nilipoanza kuandika nilitaka hayo tu. Sasa naona hayatoshi. Nataka yule kijana aniombe radhi pale pale kaunta, duka likiwa na watu, kwa sauti ile ile aliyonitukania. Radhi ya kwenye simu siipokei. Na maboksi yote ya namna ile yaliyopangwa kwenye kabati la kioo yatoke.

Nawapa mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Ikipita, Jumatatu asubuhi niko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Nitawapelekea kadi, boksi, picha ya skrini na shahidi. Nikitoka hapo naenda TRA, mamlaka ya kodi. Jumamosi mliniambia mashine ya EFD haina mtandao, mkaniandikia risiti ya mkono ya "vifaa vya kompyuta" shilingi 120,000, wakati ujumbe wa Lipa Namba kwenye simu yangu unasoma 290,000. Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti: la kwangu nilidai, mkaninyima. Hizo 170,000 mtaeleza wenyewe zilikwenda wapi.

Msinitumie mtu wa kunibembeleza kwa kadi nyingine. Nimeshapata 1050 Ti ya kweli, imetumika lakini haina tundu la pini sita wala VGA, na nimeijaribu mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa. Mashine bibi inarenda wakati naandika barua hii.

Kadi yenu nimeifunga kwenye boksi lake, na ule waya. Sipandi tena bajaji kuileta. Mkiitaka njooni Tabata, na pesa iwe mkononi. Simu yangu mnayo, maana ndiyo mnayoiona ikiita.

Wenu katika kudai haki yangu,

Mteja wa Jumamosi,
mwenye mashine bibi.