Wifi, Lisbon si ya mchuchumio

Wifi yangu,

Kaka kanipigia jana. Tiketi mmeshakata, siku nne Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwezi ujao, na wewe umeshanunua viatu vya safari. Akanitumia na picha. Wifi, mchuchumio? Nilicheka kwenye daladala mpaka abiria wa pembeni akasogea kidogo. Ndiyo maana nakuandikia hapa mbele za watu: ukikasirika shauri yako, lakini wengine wanaokwenda kule watapona.

Lisbon ni mji wa kupanda na kushuka. Wenyewe husema umekaa juu ya vilima saba. Mimi nilipofika cha nne niliacha kuhesabu, nikabaki kuhema. Chukua Mji Mkongwe wa Zanzibar na vichochoro vyake, uuinamishe kama ungo wa kupetea mchele, utapata picha ya mtaa wa Alfama. Na kwenye njia usitegemee lami. Wametandika vijiwe vidogo vyeupe vya chokaa, vyenye ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche kilichokwisha nusu, wakachora maua na mawimbi kwa vijiwe vyeusi. Wanaita calçada. Ni kazi nzuri mno kuitazama. Tatizo ni kuikanyaga, maana nyayo za watu zimeisugua hadi inang'aa, na yakidondoka manyunyu mawili matatu, ni utelezi mtupu. Nunua raba, zile za soli ngumu yenye meno. Mchuchumio ubaki nyumbani usubiri harusi.

Najua utelezi huo kwa sababu nilianguka siku ya kwanza tu, hapo hapo Alfama, nikiwa nashuka na simu mkononi napiga picha nguo zilizoanikwa madirishani. Goti likachubuka. Kulikuwa na bibi mmoja kakaa mlangoni kwake na kimeza kidogo, anauza vikombe vya ginja, yaani pombe tamu ya cheri. Akaniletea kiti, akaingia ndani, akatoka na kitambaa. "Lenço," akasema, akiniwekea gotini. Wifi, nilianza kucheka na damu inatoka. Leso! Naye alipoona nacheka akafurahi, akagonga kimeza chake: "Mesa." Meza! Nikanyoosha kidole kwenye bendera iliyotundikwa ghorofani, akasema "bandeira". Nilipokataa ginja akanimiminia maji, na chombo chenyewe akakiita "copo". Tulikaa robo saa tukizungumza lugha ya majina matupu, hakuna kitenzi hata kimoja, na tukaelewana vizuri.

Neno moja tu sikumwambia. Kanisa kwao ni "igreja". Kwetu neno hilo likaishia kuwa gereza. Nilimwangalia bibi wa watu na kitambaa chake, nikaona nisimharibie mchana.

Haya, usafiri. Kila mtu atakwambia upande tramu namba 28, ile ya njano ya mbao inayokwaruza kona hadi unahisi itaingia sebuleni kwa mtu. Ipande, lakini usiipandie Martim Moniz saa nne asubuhi, utasimama foleni kama ya mafuta ya taa enzi zile. Nenda mwisho wa pili, Campo de Ourique, alfajiri, ukae dirishani. Na pochi iwe tumboni, si mgongoni. Vibaka wa ndani ya 28 wamevaa vizuri kuliko kaka yangu. Kama shida yenu ni kufika tu juu kwenye ngome ya São Jorge, basi namba 737 linapanda hadi huko, na ukitokea mjini chini iko lifti ya bure Rua dos Fanqueiros inayokutoa ndani ya jengo na kukutua kilima cha kwanza. Watalii wengi huipita bila kujua.

Vile vibehewa vinavyovutwa kwa kebo mlimani utaviona kwenye kila kadi ya posta. Cha Glória kilianza mwaka 1885. Septemba 3, 2025, kilichomoka kikaporomoka, watu 16 wakafa. Ukipita pale, pita kwa adabu, usijipige picha za kuchekacheka.

Ngome yenyewe sitaisemea sana. Waislamu walikuwa na mji huu zaidi ya miaka 400, mpaka mfalme Afonso Henriques alipouteka mwaka 1147. Jina la Alfama ni Kiarabu kabisa, linatokana na hamamu. Kiingilio cha ngome si haba, na mandhari ile ile utaipata bure pale Senhora do Monte, hasa jua linapozama mtoni.

Utajiuliza kwa nini katikati ya vilima vyote hivyo pana kiwanja tambarare chenye mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu. Hiyo ni Baixa. Novemba 1, 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani na mishumaa imewashwa, ardhi ikatetemeka. Waliookoka wakakimbilia mtoni kwenye uwazi. Maji yakarudi nyuma, kisha yakaja kama ukuta. Halafu moto, siku kadhaa. Aliyeujenga mji upya ni waziri wa mfalme, yule waliyemwita baadaye Marquês de Pombal. Nyumba zake zina fremu ya mbao ndani ya kuta, kama tundu la ndege, ziyumbe zisianguke. Inasemekana walijaribu kielelezo kwa kupitisha askari wakipiga mguu kukizunguka. Kanisa la Carmo hawakulimalizia paa tena, mpaka leo matao yake yamesimama na mbingu juu. Mimi nililipenda kuliko makanisa yote yenye dhahabu.

Chakula: supu ya caldo verde ina kipande cha soseji ya nguruwe kinachojificha chini ya majani, uliza kwanza. Bacalhau ni ng'onda wa kwao, chewa aliyekaushwa kwa chumvi, na hata harufu yake itakukumbusha soko la Kivinje. Ukitaka nyama ya halali nenda Rua do Benformoso, jirani na Martim Moniz, maduka ya Wabangladeshi yamejaa. Vitobosha vya maziwa na mayai, pastéis, kula popote. Wale wa mtaa wa Belém wanavioka tangu 1837 na foleni yao ni ndefu, lakini kusema kweli ulimi wangu haukuona tofauti.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Wewe ni mtu wa Kilwa, na kila siku unatutambia sisi wa bara kwamba kwenu palikuwa na wafalme sisi tukichunga mbuzi. Sawa.

Pale Belém kuna monasteri ya Jerónimos. Walianza kuijenga mwaka 1501, na fungu kubwa la fedha lilitoka kwenye kodi ya asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Asia. Ukiingia tu kanisani, Vasco da Gama amelala juu ya kaburi lake la jiwe, viganja vimekutanishwa kama anaomba. Watu wanapiga naye selfi. Nilisimama hapo nikakukumbuka, maana mwaka 1502 mtu huyu alitia nanga mbele ya Kilwa na mizinga, akamwambia Amiri Ibrahim, mtawala wenu wa wakati huo, alipe au mji uchomwe. Amiri akalipa dhahabu.

Dhahabu hiyo, wifi, ipo. Nimeiona.

Rudi na tramu namba 15 kuelekea mjini, ushuke kabla ya kufika, upande ngazi ndefu hadi makumbusho ya sanaa ya kale, mtaa wa Janelas Verdes. Ndani ya kioo kuna chombo cha kuonyeshea Ekaristi, Wakatoliki wenzangu tunakiita monstransi. Haifiki mita moja. Ni dhahabu tupu na rangi za vioo vilivyoyeyushwa, mitume kumi na wawili wadogo wamepiga magoti kuzunguka, kila mmoja na uso wake. Inasemekana sonara wake ni Gil Vicente. Nilisali Rozari na mama tangu utotoni, nimeona monstransi nyingi, ila hii ilinikosesha sala. Kwenye kitako wamezungusha maandishi: mfalme Manuel wa Ureno aliagiza itengenezwe kwa dhahabu na ushuru wa Kilwa, ikakamilika 1506. Kilwa wameiandika kwa Q. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1505, meli za Mreno mwingine, Francisco de Almeida, zilishaingia kwenu, zikapora na kujenga ngome. Kumbe kulipa hakukusaidia kitu.

Na kwa kuwa mimi ni wifi yako siwezi kukuachia utambe: dhahabu hiyo nanyi hamkuichimba. Ilitoka bara, nyanda za juu za Zimbabwe, ikashuka Sofala, mkaipata kwa biashara ya nguo na shanga. Kwa hiyo hata sisi wachunga mbuzi tuna fungu letu pale kwenye kioo.

Nilipotoka nilitembea kurudi kwa miguu, nikapita mtaa unaoitwa Poço dos Negros, shimo la weusi. Mfalme huyo huyo Manuel mwaka 1515 aliamuru lichimbwe shimo la kutupia maiti za watumwa, kwa kuwa zilikuwa zinaachwa ovyo. Siku hizi ni mtaa wa mikahawa. Nilikunywa kahawa hapo, nzuri, na mtu wa mezani kwangu wala hakujua jina lina maana gani mpaka nilipomuuliza.

Makumbusho hufungwa Jumatatu, na siku hizi majengo mengi kule yanafanyiwa ukarabati, kwa hiyo hakikisheni kwanza kama pamefunguliwa msije mkapanda zile ngazi bure. Na nina ombi. Picha yangu ya maandishi iliharibika, taa imeakisi kwenye kioo. Wewe ukifika usipige juu penye mitume, hiyo wote wanayo. Piga magoti, upige kitako, zunguka taratibu mpaka uipate ile Q. Na raba zako utapiga magoti vizuri tu.