Barua ya malalamiko: mliniambia nijaribu tena

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: FEDHA ZILIZOKATWA USIKU TOVUTI YENU ILIPOZIMIKA

Nimekuwa mteja wa duka lenu la mtandaoni kwa miaka minne, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza ya malalamiko. Tovuti kuzimika ni jambo ninaloweza kulivumilia, kwa kuwa hakuna mtambo usioharibika. Nisichoweza kukivumilia ni kwamba usiku ule skrini yenu iliniagiza nijaribu tena, nami nikatii, na leo ni siku ya 11 sina bidhaa wala fedha.

Jumatatu hiyo, saa mbili na robo usiku, nilikuwa naagiza mashine ya kupimia shinikizo la damu kwa ajili ya mama yangu, ambaye daktari amemtaka apime asubuhi na jioni na kuandika vipimo vyake kwenye daftari, na ambaye mashine yake ya zamani ilikuwa imeharibika siku moja kabla. Nilijaza anwani, nikabonyeza kitufe cha kulipa, na ukurasa ukabaki mweupe kwa kama dakika mbili. Kisha ukatokea ujumbe wenye namba 503, ukisema kwamba huduma haipatikani kwa sasa, na chini yake kitufe kikubwa kilichoandikwa "Jaribu tena". Nilisubiri nusu saa nzima. Kwa kuwa benki haikuwa imeniletea ujumbe wowote, niliamini kwamba malipo hayakupita, nikajaribu tena kwa kutumia programu yenu ya simu, nikakutana na hitilafu ileile. Saa tatu kasoro dakika tano ziliingia jumbe mbili za benki, moja baada ya nyingine, kila moja ikionyesha kiasi kilekile. Nilipofanikiwa kufungua orodha ya oda zangu, haikuwa na oda hata moja ya siku hiyo.

Kuanzia hapo sikuwa mnunuzi tena. Nilikuwa mtu anayekusanya ushahidi. Nilipiga picha za skrini, nikaandika saa na dakika za kila jambo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari lilelile la vipimo vya mama, kisha nikapiga namba yenu ya simu. Sauti iliyorekodiwa ilinijibu kwamba kwa huduma ya haraka nitembelee tovuti yenu, kisha simu ikakatika. Nilifungua ukurasa mnaoutumia kutangaza hali ya huduma, nikakuta alama za kijani na maneno kwamba mifumo yote inafanya kazi kama kawaida. Alama hizo hazikubadilika hadi tovuti iliporudi saa nane usiku. Naomba mlielewe hili vizuri: mteja aliyekatwa fedha, anayeambiwa na ukurasa wenu rasmi kwamba hakuna tatizo, huanza kuamini kwamba kosa ni lake, na huendelea kubonyeza.

Asubuhi mhudumu wa benki alinieleza, kwa subira ambayo sijaipata kwenu, kwamba fedha za jaribio la kwanza zilikuwa zimezuiliwa tu na zingeachiliwa zenyewe iwapo muuzaji asingezidai, lakini zile za jaribio la pili mlikuwa mmekwisha kuzidai na kuzichukua. Ikawa kama alivyosema. Za kwanza zilirudi siku ya 7, na za pili mnazo hadi leo. Katika siku hizo saba, kwa kuwa gharama ya mashine moja ilikuwa imeshikiliwa mara mbili, sikuweza kununua mashine mahali pengine, na mama alikaa siku nne bila kupima hadi nilipopata ya kuazima. Kurasa nne za daftari lake ziko tupu, na daktari ameniuliza sababu.

Nimewaandikia barua pepe mara tatu, na mara zote tatu mmenijibu kwa maneno yaleyale, mkiomba namba ya oda. Namba ya oda hutolewa na mfumo wenu baada ya oda kukamilika, na mfumo ulikufa kabla ya kuikamilisha. Mnanitaka nilete namba ambayo ninyi ndio mlioshindwa kuitoa, ilhali nimewapa namba ya kumbukumbu ya malipo kutoka benki, tarehe, saa na kiasi, ambavyo mhasibu wenu angeweza kuvilinganisha na fedha mlizopokea bila kunihitaji mimi.

Yote haya yangeweza kuzuilika, na njia zake si siri. Mifumo ya malipo hukubali kila ununuzi upewe namba ya pekee, ili ombi lilelile likitumwa mara ya pili litambuliwe kuwa ni lilelile na fedha zisikatwe tena. Duka linalomwambia mteja ajaribu tena bila kuwa na kinga hiyo linamwalika alipe mara mbili. Hata ujumbe wa 503 una utaratibu wake, kwa kuwa kanuni za intaneti zinairuhusu seva kutaja, pamoja na namba hiyo, muda ambao ombi lisubiri kabla ya kurudiwa. Mngeweza pia kukifunga kabisa kitufe cha kulipa, na hilo lingekuwa tendo la heshima kuliko kukiacha wazi kikimeza fedha za watu.

Kuhusu ukurasa wa hali ya huduma, tarehe 28 Februari 2017 amri iliyoingizwa kimakosa iliangusha huduma ya Amazon ya kuhifadhi data kwa saa kadhaa, na tovuti nyingi zikaanguka nayo. Ukurasa wao wa kutangaza hali nao ulishindwa kusasishwa kwa sababu ulitegemea huduma hiyohiyo iliyoanguka. Baadaye waliandika hadharani kilichotokea, wakakiri udhaifu huo na kueleza walivyoubadilisha ukurasa. Ninyi asubuhi iliyofuata mliniletea tangazo la punguzo la bei, bila neno hata moja kuhusu usiku uliopita. Mnajinadi kwamba tovuti yenu hupatikana kwa asilimia 99.9 ya muda wote. Kiwango hicho kinaruhusu takribani saa 8 na dakika 45 za kuzimika kwa mwaka mzima, na usiku mmoja ulitumia karibu theluthi mbili ya muda huo. Hata hivyo, ningewasamehe saa hizo zote kama mngesema tu, kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza, kwamba kuna hitilafu na tusilipe.

Nataka fedha zangu zirudishwe kikamilifu kwenye kadi ileile ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Siku hizo zikipita, nitaiomba benki ipinge rasmi malipo hayo, na nitaiwasilisha barua hii, pamoja na viambatisho vyake, kwa mamlaka inayowalinda walaji. Sitapokea vocha ya ununuzi badala ya fedha. Nataka pia mtafute katika kumbukumbu zenu wateja wengine waliokatwa fedha usiku huo bila oda kuandikwa na kuwarudishia kabla hawajadai, kwa maana wako watakaokata tamaa baada ya kuombwa namba ya oda kwa mara ya tatu. Sauti ya simu irekebishwe, ili tovuti inapozimika mteja asielekezwe kulekule anakokimbia.

Nimeambatisha picha tano za skrini, nakala za jumbe mbili za benki, taarifa ya akaunti inayoonyesha fedha mlizochukua, na barua pepe zenu tatu. Barua pepe hizo hazikuwa na jina la aliyeziandika. Naomba atakayenijibu safari hii aweke jina lake na namba ya simu inayopokelewa na mtu.

Ni mimi mteja wenu.