Barua ya wazi kwa Afisa wa Leba, Naivasha: tunaomba meza moja

Mheshimiwa Afisa,

Nakuandikia kutoka Karagita. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimefunga maua kwa pakihausi ya shamba la maua miaka minne sasa na hiyo miaka yote niko kibarua. Iko hivi, ukikaribia miezi tatu unaambiwa ukae nyumbani wiki moja, ukirudi unapewa namba mpya kwa rejista kama mtu mgeni, na supavaiza ni yule yule, meza ni ile ile. Msimu wa Valentine tunafanya ovataimu mpaka miguu inafura, ukiisha tunaambiwa kwa geti hakuna kazi.

Sikuwa najua Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mmoja anahesabiwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, yaani lazima apewe notisi. Sikuambiwa hayo kazini. Ni chama chetu cha akina mama, alikuja msichana mmoja amefunzwa mambo ya sheria akatuambia kila mtu anunue daftari. Sasa kila jioni, hata nikiwa nimechoka aje, naandika tarehe, namba ya grinihausi, supavaiza ni nani, niliingia saa ngapi nikatoka saa ngapi, na mesej za M-Pesa za mshahara sifuti. Akatueleza kazi ikifika miezi mitatu mwajiri lazima aandike mkataba, na kesi ikienda kortini akose kuuleta, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Hapo ndio woga uliniisha.

Lakini jirani yangu hakuwa kwa chama. Alifutwa akiwa na mimba ya miezi sita, akaona aibu, akangoja ajifungue kwanza, na ile miezi mitatu ya kuleta malalamiko kwako ikapita. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Ndio naomba, Afisa, hivi vikundi vya mtaani pamoja na mashirika kama Kituo cha Sheria, ambacho kimesaidia wanyonge tangu 1973, mvipatie meza moja hapo ofisini siku moja kila wiki, mtu aliyefutwa asikilizwe mapema na akufikie karatasi zake zikiwa zimepangwa. Nyinyi ni wachache na mashamba kando ya ziwa ni mengi. Na mkienda kukagua msituulize maswali supavaiza akiwa amesimama hapo, hakuna mtu atasema ukweli. Kujeni Jumapili mchana watu wakitoka kanisa, chama kitatukusanya, madaftari tutakuja nayo.

Mfunga maua, Karagita