Wimbi la boti haliishii njiani

Mhariri,

Msomaji mwenzetu ameandika katika safu hii kwamba wavuvi wanalalamika bure, kwani wimbi la boti ya mwendo kasi likikaa dakika tano baharini huwa limeshakufa. Sikubaliani naye hata kidogo. Nimesomesha hisabati hapa Mkoani miaka 31, na mwezi uliopita wimbi hilo hilo limemvunja mpwa wangu mfupa wa bega.

Alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi, maji ya mapajani, anakwamua wavu wake wa jarife. Bahari shwari, upepo hakuna. Boti ilishapita mpaka haionekani tena. Maji yakainuka ghafla, mtumbwi ukapinduka ukamwangukia. Nilipomfikia aliniuliza, "Mjomba, boti imeshakwenda zake, hili wimbi limetoka wapi?"

Swali lake halikuniacha nilale. Siku ya pili nilikaa pwani na saa yangu ya mkononi. Boti ilipita kiasi cha kilomita 3 kutoka nilipo. Dakika ya 11 maji yakaanza kupanda na kushuka, taratibu sana, sekunde 6 kutoka mgongo hadi mgongo. Asiyetazama kamba za mitumbwi asingejua. Dakika ya 21 mawimbi bado yanakuja, ila sasa yamebanana, sekunde 3 tu.

Hesabu inakubali. Kwenye maji ya kina, wimbi refu, yaani lile ambalo migongo yake imeachana mbali na sekunde zake ni nyingi, hulipita fupi. Nguvu ya mawimbi ya sekunde 6 husafiri kiasi cha mita 4.7 kwa sekunde, na ya sekunde 3 nusu ya hapo. Boti huyazaa yote kwa pamoja, lakini kadiri muda unavyopita yanaachana njiani, kila urefu kwa mwendo wake. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Kelvin, alionyesha mwaka 1887 namna ya kukadiria hali hiyo muda ukiwa mrefu: mahali popote ulipo, utakaloliona ni lile wimbi ambalo mwendo wa nguvu yake ni sawa na umbali ugawanywe kwa muda.

Kimo cha wimbi hupungua, ndiyo, lakini polepole mno. Ndani ya mkia wa boti, yaani yale mawimbi yanayotanuka nyuma yake kama herufi V, umbali ukizidi mara 4, kimo kinabaki nusu. Kwenye kingo za mkia ni lazima umbali uzidi mara 8 ndipo kipungue nusu. Nguvu haikupotea, imetandazwa tu. Na lile wimbi refu lililokuwa bapa huko nje, likifika kwenye maji haba hupunguza mwendo na kuinuka juu. Hapo ndipo walipo wavuvi wetu, na kina mama wa mwani.

Dawa ipo. Kwenye maji ya kina, boti ikipunguza mwendo kwa nusu, mawimbi yake marefu kabisa nayo huwa ya sekunde nusu ya yale ya mwanzo. Manahodha wapunguze wakiwa bado mbali, si wakishafika gatini, maana mawimbi yaliyokwishazaliwa hayarudi. Na madikoni uwekwe ubao wa kuwaambia watu wasubiri nusu saa boti ikishapita. Mbao na rangi nitatoa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Mkoani, Pemba